UZI: Nasomea uzamivu wa sayari za nyota nyingine, na sehemu kubwa ya kazi naifanyia hapa hapa Dar

#1 NyotaYaKimara

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kijana mmoja aliniandikia pembeni akiniuliza kama ni kweli Mtanzania anaweza kusomea sayari zilizo nje ya mfumo wetu wa Jua bila hata kumiliki darubini. Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu, nikaona nililete hapa ili wengi wasome.

Niko mwaka wa tatu wa uzamivu. Programu yangu ni ile ya sandwichi: miezi michache kila mwaka nakuwa Ulaya kwa msimamizi wangu wa pili, na muda uliobaki niko nyumbani Kimara, kwenye meza ya kulia chakula, mimi na kompyuta, feni na daftari. Nitaandika kwa vipande, nivumilieni.

Nianze na pale nilipoanzia. Tarehe 6 Juni 2012 nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa fizikia alituambia tuwahi shuleni kabla jua halijachomoza. Alikuja na darubini ya macho mawili, akaifunga kwenye kiti kwa mpira wa baiskeli, akaziba jicho moja kwa kipande cha boksi, kisha akaielekeza juani, nuru ikaangukia kwenye karatasi ya manila iliyoshikwa na wanafunzi wawili. Alitukataza kabisa mtu kuchungulia kwa jicho. Duara la Jua pale kwenye manila lilikuwa kama mdomo wa kikombe cha chai, na karibu na ukingo wake palikuwa na kitone cheusi, mviringo safi, kama punje ya mtama. Kitone kile kilikuwa Zuhura, sayari nzima inayokaribia ukubwa wa Dunia, ikikatiza mbele ya Jua. Tulikiangalia kikisogea taratibu hadi kilipotoka, karibu saa mbili asubuhi. Mpito mwingine wa Zuhura ni Desemba 2117.

Mwalimu akatuuliza: tungekuwa mbali sana, Jua likaonekana nukta tu kama nyota nyingine, tungejuaje kwamba kuna sayari imepita mbele yake? Darasa zima kimya. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma akasema, "Litafifia kidogo, mwalimu."

Wakuu, kazi yangu yote ya leo imesimama juu ya jibu la yule msichana. Napima kufifia kwa nyota.

#2 NyotaYaKimara

Naendelea.

Kufifia kwenyewe ni kudogo mno, na hapa ndipo ugumu wote ulipo. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote kwetu, upana wake ni kama sehemu 1 ya 10 ya upana wa Jua. Kinachoziba nuru ni eneo la duara, kwa hiyo unazidisha 1/10 kwa 1/10 unapata 1/100. Mtu wa mbali akitazama Jua letu wakati Mshtarii unapita mbele yake, ataona nuru imepungua kwa 1% hivi. Dunia yetu upana wake ni 1/109 ya Jua. Piga hesabu hiyo hiyo: chukua chembe milioni moja za nuru, ondoa 84. Hizo 84 ndizo Dunia, pamoja na bahari zake na Kimara yake.

Halafu Dunia inapita mara moja tu kwa mwaka. Na inaonekana ikipita endapo tu mtazamaji amekaa karibu sawasawa na ubapa wa njia yake. Kwa sayari iliyo mbali na nyota yake kama tulivyo sisi, nafasi hiyo ni kama 1 kati ya 200. Ndiyo maana lazima utazame nyota nyingi sana kwa wakati mmoja. Chombo cha Kepler, darubini iliyorushwa angani mwaka 2009, kilikodolea macho eneo moja la anga kwa miaka minne, na kufikia kinazimwa mwaka 2018 data zake zilikuwa zimetoa sayari zaidi ya 2,600. Sasa kazi hiyo anayo TESS, aliyerushwa Aprili 2018: kamera nne, anatazama kipande kimoja cha anga (kipande hicho kinaitwa sekta) kwa siku 27 kisha anahamia kingine. Septemba 2025 hesabu ya sayari zilizothibitishwa ilivuka 6,000.

Na zote hizo zimepatikana ndani ya umri wa watu wanaosoma uzi huu. Mwaka 1992 zilipatikana za kwanza, zikizunguka mabaki ya nyota iliyokufa. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wakatangaza sayari inayoizunguka 51 Pegasi, nyota inayofanana na Jua. Wao hawakutumia kufifia, walipima jinsi nyota inavyoyumba ikivutwa na sayari yake. Ilikuwa sayari yenye uzito kama nusu ya Mshtarii, na mwaka wake ni siku 4.2 tu! Watu hawakutarajia kitu kizito hivyo kikae karibu na moto namna ile. Queloz wakati huo alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, Mayor ndiye msimamizi wake. Mwaka 2019 wakapewa Nobeli pamoja na James Peebles. Mwaka 1999 David Charbonneau, naye mwanafunzi wa uzamivu huko Marekani, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuona sayari ya namna hii ikikatiza mbele ya nyota yake. Darubini waliyotumia ilikuwa na kipenyo cha sentimita 10. Wekeni kiganja mezani, ndio upana wake.

Nawataja wanafunzi makusudi. Fani hii bado changa, na mwanafunzi ndani yake anafanya kazi halisi.

Afrika nayo imo. Kule Sutherland, Afrika Kusini, kulifungwa WASP-South: kamera nane zenye lenzi za Canon za aina ambayo mpiga picha anaweza kununua dukani. Zimetoa sayari nyingi. Morocco wana TRAPPIST-Kaskazini, darubini ya sentimita 60 pale Oukaïmeden, ndugu wa ile ya Chile iliyofungua njia ya kugundua zile sayari saba zinazoizunguka nyota iitwayo TRAPPIST-1. Na kuna jambo wengi hawalijui: mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uligawia kila nchi nyota moja na sayari yake ili iwape majina. Yetu ilikuwa WASP-71. Leo nyota hiyo inaitwa rasmi Mpingo, na sayari yake inaitwa Tanzanite. Inazunguka Mpingo kwa siku 2.9. Wenzetu wa Kenya baadaye walipata nyingine wakaiita Enaiposha, neno la Kimaasai la maji makubwa.

#3 Mrujewa

Mada tamu sana hii, nimeweka kambi. Mimi nilikuwa Rujewa tarehe 1 Septemba 2016, kupatwa kwa Jua kipete. Watu walitoka kila kona ya nchi. Karibu saa sita mchana mwanga ukawa kama wa jioni lakini vivuli vimekaa vya mchana, mtu unashindwa kujielewa. Chini ya mwembe ardhi yote ilijaa vipete vidogo vya nuru vilivyopita kwenye majani. Bibi yangu alivisogelea akavigusa kwa mkono.

Bibi huyo huyo ndiye aliyenifundisha kilimia: "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Kwa hiyo hao wanaosema anga si mambo yetu, sijui wamelelewa na bibi gani.

#4 NyotaYaKimara

@Mrujewa, asante sana kwa hilo la vipete chini ya mwembe. Kila tundu kati ya majani lilikuwa linachora picha ya Jua. Mimi siku ile nilikuwa Dar, tuliona nusunusu.

Na kilimia kile, ukikihesabu kwa jicho unapata nyota sita au saba, kumbe ni kundi la nyota zaidi ya elfu moja, changa bado. Bibi alikuwa anatunza rekodi za muda mrefu kwa kichwa: lini kimezama, lini kimezuka, mvua imefuata au haikufuata. Kuangalia kitu kilekile kwa mpangilio na kukumbuka ndio msingi wa kazi yangu.

Sasa niwaonyeshe kazi yenyewe kwa karibu, maana watu wanadhani usiku kucha nimekaa juu ya paa na darubini.

Ilikuwa Aprili, masika imekolea. Anga la Dar wakati huo ni blanketi la mawingu, na hata yakiachia, taa na unyevunyevu vinaacha nyota chache tu. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa moja, betri ya kompyuta asilimia 31. Niliwasha intaneti ya simu nikaingia kwenye hifadhi ya data ya TESS. Iko wazi kwa mtu yeyote duniani, hulipi hata senti. Nikapakua faili la nyota inayoitwa WASP-18, iliyo umbali wa miaka-nuru 400 hivi, yaani nuru yake inasafiri miaka 400 kutufikia. Faili lenyewe ni dogo kuliko video nyingi mnazorushiana WhatsApp.

Nikafungua. Kwenye kioo yakaja maelfu ya nukta, kila nukta ni mwangaza wa nyota uliopimwa kila baada ya dakika mbili, siku 27 mfululizo. Ukiangalia haraka unaona mstari mnene wa vumbi. Ukitulia unaona vumbi limechimbika: bonde, bonde, bonde, kila baada ya saa 22 na nusu hivi. Hiyo ni sayari yenye uzito kama mara 10 ya Mshtarii, inamaliza mwaka wake kabla siku yetu moja haijaisha.

Kinachofuata ni kuukunja mchoro. Ukikunja kanga unahakikisha pindo linalala juu ya pindo. Data nazo ni hivyo hivyo: unaikata kila baada ya saa 22 na nusu, vipande unavipanga kimoja juu ya kingine, na kama kipimo chako ni sahihi mabonde yote zaidi ya 20 yanalalana yanakuwa bonde moja safi. Ukikosea kidogo tu, yanasambaa kama kanga iliyokunjwa na mtoto. Yalipolalana usiku ule, mvua inagonga bati, nilinyanyuka nikaenda kumwamsha mdogo wangu aje aone. Sayari hiyo ilikuwa inajulikana tangu mwaka 2009, sikugundua kitu. Lakini niliiona mwenyewe, kwa mikono yangu.

#5 FundiRedio

Mtoa mada, nakuheshimu na nakuombea umalize salama. Ila nina swali la kutoka moyoni, usilichukulie vibaya. Mimi mtoto wangu anakaa chini darasani. Zahanati yetu dawa mpaka ununue nje. Hizi sayari za miaka-nuru 400 zinatusaidia nini sisi wa Mbagala?

#6 NyotaYaKimara

Kaka FundiRedio, silichukulii vibaya hata kidogo. Mjomba wangu aliniuliza hilo hilo mbele za watu kwenye arobaini ya babu, na siku ile nilijibu vibaya, nikaanza kutaja vitu vilivyovumbuliwa na wanaanga. Nimelifikiria sana tangu wakati ule.

Sayari yenyewe haitaleta dawa kwenye zahanati, na sitakudanganya. Anayebaki nchini ni mtu aliyefundishwa. Wewe ni fundi redio, utanielewa upesi kuliko wengi: umewahi kutafuta kituo cha mbali usiku, sauti iko chini ya mkwaruzo, unazungusha kitufe polepole hadi inatoka. Kazi yangu ni hiyo kwa namba. Miaka mitatu nafundishwa kutenganisha sauti na mkwaruzo, na zaidi ya hapo, kujua lini nimejidanganya mwenyewe.

Mwaka jana rafiki yangu anayesimamia jengo moja la ghorofa alinionyesha namba za mita ya maji. Bili ilikuwa inapanda, kila fundi anasema lake. Nikaondoa mzunguko wa kila siku, watu wanaoga asubuhi, wanapika jioni, kwa njia ile ile ninayoondolea kupanda na kushuka kwa mwangaza kunakoletwa na madoa ya nyota inapojizungusha. Kilichobaki kilikuwa mtiririko mdogo usiolala, saa nane usiku upo, saa kumi upo. Bomba lilikuwa linavuja chini ya sakafu ya maegesho. Kazi ya jioni moja tu.

Na lipo la pili, ambalo naliamini kuliko hilo la kwanza. Mtoto wako anayekaa chini ana haki ya dawati, na ana haki pia ya kujua kwamba ile nukta juu ya Mbagala huenda ina dunia zake. Sitaki achague kati ya hivyo viwili. Yule msichana wa mstari wa nyuma naye darasani kwetu alikaa kwenye tofali.

#7 FundiRedio

Nimekuelewa dada. Hilo la mkwaruzo limeniingia. Endelea.

#8 KijanaWaMabibo

Dada, mimi ndiye yule niliyekuandikia pembeni. Niko mwaka wa tatu, fizikia na hisabati, GPA 3.7. Chuoni kwetu hakuna anayefundisha sayari hizi. Naanzia wapi? Lazima nipitie uzamili kwanza? Na hela natoa wapi?

#9 NyotaYaKimara

Mdogo wangu, karibu. Nitakuambia kama ningependa mimi niambiwe.

Anza kazi kabla hujaomba nafasi. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na pale pale ushushe programu ya lightkurve, ya bure, iliyotengenezwa kwa ajili ya data za Kepler na TESS. Huna kompyuta ya nguvu? Tumia Google Colab, mahesabu yanafanyika kwao, wewe unahitaji kivinjari tu. Makala za utafiti zimejaa kwenye tovuti ya arXiv, bure. Chukua WASP-18 ile ile, sekta ya 2, utafute bonde lake bila kuchungulia jibu langu la juu. Ukimaliza tafuta nyota ngumu zaidi. Ukiwa na simu tu, ingia Planet Hunters TESS, wanawapa watu wa kawaida michoro waikague kwa macho, na jicho lako litazoea.

Suala la uzamili linategemea unakwenda wapi. Marekani wengi wanapokea mwenye shahada ya kwanza, unasoma miaka 5 au 6, ada inafutwa na unalipwa posho kwa kufundisha au kwa utafiti. Maombi mengi yanafungwa Desemba. Ulaya kwa kawaida wanataka uzamili kwanza, kisha miaka 3 au 4. Uholanzi, Sweden na Denmark mwanafunzi wa uzamivu ni mwajiriwa mwenye mshahara, kwa hiyo nafasi zinatangazwa kama kazi, na nyingi utazikuta kwenye ukurasa wa ajira wa Chama cha Wanaastronomia wa Marekani hata kama ni za Ulaya. Uingereza kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola, na Watanzania tunaruhusiwa kuomba. Ujerumani kuna ufadhili wa DAAD.

Ila kwa GPA yako na mahali ulipo, mimi ningekushauri daraja la katikati. Kuna NASSP pale Cape Town, programu ya Afrika Kusini ya astrofizikia na anga za juu, inachukua vijana wa nchi nyingine za Afrika pia. Kuna ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia kule Trieste, Italia, stashahada ya mwaka mmoja kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea, wanagharimia wao. Kuna tawi lao Kigali linalotoa uzamili wa fizikia, na kuna AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati. Nimekutana na watu waliopita njia hizo, na ukiwasikiliza wakitetea kazi yao unaona tofauti.

Sasa nikuambie lililoniuma, lisikukute. Mwaka wa kwanza kuomba nilipoteza nafasi tatu, na sababu hazikuwa alama. Transkripti yangu ilikaa kwenye ofisi ya chuo nilichosoma wiki saba, kila nikienda naambiwa njoo Alhamisi. Na mwalimu mmoja aliyeniahidi barua alisafiri bila kuituma. Nililia kwenye daladala kutoka Mwenge mpaka Kimara. Kwa hiyo omba transkripti sasa hivi, hata kama huombi chuo mwaka huu. Tafuta walimu wanne wa barua hata kama zinatakiwa tatu. Mpe kila mmoja karatasi moja yenye tarehe ya mwisho, ulichofanya darasani kwake na mchoro wako wa WASP-18, na wiki mbili kabla ya tarehe umkumbushe kwa heshima, uende ofisini, usitegemee ujumbe. Uliza pia ada za maombi: vyuo vingi vinakusamehe ukiandika kuomba. Na cheti cha Kiingereza, wengine wanakubali barua ya chuo kwamba ulisomeshwa kwa lugha hiyo.

Barua ya kwanza kwa msimamizi iwe fupi. Soma makala yake moja hadi uielewe, muulize kitu kimoja cha kweli kuhusu makala hiyo, ambatanisha mchoro. Wanapokea mamia ya barua zinazofanana. Yenye bonde lililopimwa na mtu mwenyewe itasomwa.

#10 Mama Neema

Hongera sana mwanangu. Mimi nina binti kidato cha tano PCM, amekazania nyota. Baba yake na mashangazi wanasema asome uhandisi, huko ndiko kuna ajira. Niko katikati. Wewe kama mtoto wa kike uliyepita huko, unaniambiaje?

#11 NyotaYaKimara

Shikamoo mama. Asante kwa kunifikiria.

Mama, nitakuwa mkweli kwako. Nafasi za kudumu za utafiti wa sayari ni chache duniani kote, hapa nyumbani ndiyo chache zaidi, na wengi wanaomaliza uzamivu huu wanaishia kwingine: benki, kampuni za simu, hali ya hewa, data za afya. Wanaajirika, tena vizuri, lakini asiingie akidhani kuna kiti kinamsubiri. Uhandisi si adui yake. Vyombo hivi vyote vimetengenezwa na wahandisi, na mwenzangu mmoja wa ofisini alianzia umeme ndipo akahamia. Akisoma uhandisi akiwa anajifunza kuandika programu na takwimu, mlango wa nyota haujafungwa. Akisoma fizikia, vivyo hivyo.

Swali ambalo ningemuuliza ni kama anaipenda kazi au picha. Zile picha za rangi za sayari hizi za mbali mnazoziona ni michoro ya wasanii, karibu zote. Sisi tunaona nukta. Mwaka wangu wa kwanza nilipata bonde zuri kwenye nyota ambayo hakuna aliyekuwa ameiripoti. Miezi minne nililikunja na kulikunjua. Nilimwambia mama yangu, naye akawaambia kanisani. Msimamizi alipokuja kukagua aliniuliza: umepima bonde la kwanza na la pili kila moja peke yake? Sikupima. Nilikuwa nimeyachanganya nikatafuta wastani. Tulipoyatenganisha, moja lilikuwa na kina kuliko jingine. Zilikuwa nyota mbili zinazozungukana na kufunikana, tena hata hazikuwa nyota yangu, zilikuwa jirani yake. Kila kipande cha picha ya TESS kinabeba eneo pana la anga, kwa hiyo nuru za majirani zinaingia kwenye chungu kimoja.

Niliumwa kichwa siku mbili. Siku ya tatu nikarudi mezani, na nilichogundua ni kwamba nilikuwa nimeanza kupenda hata ule ukaguzi. Mpe binti yako kompyuta wiki mbili za likizo na faili moja la TESS. Akikaa nalo hadi akasahau kula, mama, mwache. Nami niko tayari kumsaidia, aniandikie kupitia kwako.

#12 Mama Neema

Marahaba mwanangu. Likizo ya Juni itamkuta na hilo faili. Mungu akutangulie.

#13 Mrujewa

Swali la mwisho toka kwangu: kuna uhai huko? Maana kila mwezi naona habari kwamba umepatikana.

#14 NyotaYaKimara

Haujapatikana. James Webb, darubini iliyorushwa 25 Desemba 2021, inaweza kupima nuru ya nyota iliyochujwa na hewa ya sayari, na mwaka 2022 iliona kaboni dioksidi kwenye WASP-39b bila ubishi. Hiyo ni sayari kubwa ya gesi, ina joto kali. Kwenye zile za mawe kazi ni ngumu mno. TRAPPIST-1b, ya kwanza kati ya zile saba, vipimo vya mwaka 2023 vilionyesha kwamba inaelekea haina hewa ya maana. Ile habari ya sayari ya K2-18b, kwamba ina gesi ambayo hapa duniani hutolewa na viumbe vya baharini, wataalamu wamebishana sana kwa sababu dalili yenyewe imekaa chini chini ya mkwaruzo. Mimi ningependa mno iwe kweli. Ndiyo sababu nataka ikaguliwe kwa ukali.

#15 KijanaWaMabibo

Dada, nimerudi baada ya siku tano. Nimefanya WASP-18 sekta ya 2 kwa Colab, usiku hosteli intaneti ikiwa nyepesi. Mabonde nimeyaona kwa macho yangu! Ila programu ya kutafuta mzunguko imenipa siku 1.88, wewe uliandika saa 22 na nusu. Nimekosea wapi?

#16 NyotaYaKimara

Hongera sana! Na hujakosea mbali. Siku 1.88 ni mara mbili ya 0.94. Programu imeruka bonde moja ikahesabu linalofuata, hutokea. Ukikunja kwa 1.88 utaona mabonde mawili kwenye mchoro mmoja. Usigawe kwa mbili kwa sababu mimi nimesema. Pima kina cha kila moja peke yake kwanza. Yakilingana ndani ya makosa ya kipimo, gawa. Yasipolingana, hapo una nyota mbili.

#17 KijanaWaMabibo

Nimepima. Yote mawili yanakaribia 1%, tofauti yake ni ndogo kuliko kosa la kipimo. Nimegawa, nimekunja upya kwa 0.94, yamelalana.

#18 NyotaYaKimara

Safi kabisa. Sasa angalia katikati, nusu ya safari kati ya bonde na bonde. Pale sayari inajificha nyuma ya nyota, na nuru ya sayari yenyewe inapotea. Kuna kibonde cha kama sehemu 3 katika 10,000. Kwa sekta moja kitakuwa hafifu, kwa hiyo ongeza sekta ya 3, kunja zote pamoja, halafu gawa nukta kwenye mafungu ya dakika 20 utafute wastani wa kila fungu.

#19 KijanaWaMabibo

Napakua sekta ya 3 sasa hivi.